Hesabu Kwanza, Mkopo Baadaye: Mwongozo Kamili wa Fedha kwa Mama Anayeanza Biashara Ndogo

Mama wengi wanaotaka kuanza biashara huuliza kwanza, "Nitapata wapi mtaji?" Swali hilo lina nafasi yake, na litajibiwa humu. Lakini biashara ndogo nyingi zinazokufa ndani ya mwaka hazifi kwa mtaji kuwa mdogo. Zinakufa kwa sababu mwenyewe hakuwahi kujua faida yake halisi ya siku, akala mtaji akidhani anakula faida, kisha akakopa kuziba pengo. Habari njema ni kwamba faida ya siku inajulikana kwa kalamu, daftari na jioni moja ya kukaa chini. Haihitaji cheti wala mjomba benki.

Tutatumia biashara moja mwanzo hadi mwisho: chapati, kilo tano za unga kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mtaani Tanzania. Bei zilizowekwa ni za mfano. Weka za sokoni kwako, hesabu ibaki ileile. Anayeuza vitenge, mboga au juisi abadilishe majina ya vitu tu.

Hatua ya kwanza: gharama ya siku, bila kuficha kitu

Ukimuuliza mchoma chapati gharama zake, atakutajia unga, mafuta na chumvi. Hizo ni gharama zinazoonekana. Orodha nzima ni hii:

- Unga kilo 5 kwa 2,000: shilingi 10,000
- Mafuta lita 1 (ya kukandia na kuchomea): 5,500
- Chumvi na sukari: 500
- Mkaa: 3,000
- Vifungashio: 1,000
- Nauli ya sokoni: 1,000
- Maji: 500
- Kodi ya kibanda, 30,000 kwa mwezi ukigawa kwa siku 26: 1,150
- Uchakavu wa vyombo: 200
- Kodi ya mapato: 500

Jumla ni 23,350.

Uchakavu ndio unaosahaulika kuliko vyote. Jiko, kikaango, beseni, kibao na kisukumio vikigharimu 60,000 na vikadumu siku 300 za kazi, kila siku vimeliwa kwa shilingi 200. Usipoziweka kando, siku jiko litakapopasuka utalinunua kwa hela ya unga.

Sasa mauzo. Kilo tano zinatoa chapati kama 65. Tatu zitaungua, zitachanika au zitalala, mbili wataomba watoto. Zinazouzwa ni 60, kwa 500 kila moja, yaani 30,000.

Anayehesabu unga, mafuta na chumvi peke yake ataona gharama ya 16,000 na kujipongeza kwa faida ya 14,000. Ukweli ni 6,650. Akitumia 10,000 kwa siku nyumbani, kwa furaha kabisa na bila kuiba, anakula mtaji wake kwa 3,350 kila jioni.

Zile tano zisizouzwa nazo zitazame. Kwa bei ya kuuzia ni 2,500 kwa siku, 65,000 kwa mwezi. Kumbuka namba hiyo, tutaikuta tena hatua ya tatu. Hakuna anayesema uwanyime watoto chapati. Watoto wale, ila zilipiwe kutoka fungu la nyumbani kwa bei ya gharama, kama 390 kila moja.

Hatua ya pili: pima donge

Hapa ndipo pesa nyingi ya chapati inapopotea, na hakuna mwizi. Kilo tano za unga, lita tatu za maji na robo kilo ya mafuta ya kukandia hutoa kinyunga cha kilo 8.25 hivi. Ukikata madonge ya gramu 127 unapata 65. Mkono ukichoka ukaanza kukata ya gramu 150, unapata 55. Chapati kumi zimepotea, sawa na 5,000, na hiyo ni robo tatu ya faida yako ya siku. Mteja hatasema asante, kwa sababu hajui kwamba jana ilikuwa ndogo.

Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Ukiikosa, nenda duka la nafaka na donge moja, lipimwe, kisha ulitumie kama kipimo kila asubuhi. Kwa sambusa, maandazi na hata fungu la mchicha, kanuni ni hiyohiyo: kipimo kikae kwenye chombo, kisikae kwenye macho.

Kipimo hicho kitakusaidia pia bei zinapopanda. Unga ukiongezeka 200 kwa kilo, gharama ya siku inapanda 1,000. Wengi hukimbilia kuuza 600 na kupoteza wateja wa asubuhi, na chenji nayo inasumbua. Shusha donge hadi gramu 120: unapata 68, chapati tatu za ziada, 1,500. Umefidia na umebaki na bei yako. Usishuke zaidi mara moja, watu watagundua.

Hatua ya tatu: jilipe mshahara, kisha gawa mafungu

Ile 6,650 bado si ya biashara, wala si yako yote. Ni malipo ya jasho lako pamoja na faida. Jipangie mshahara wa siku unaojulikana, tuseme 4,000. Kinachobaki, 2,650, ni cha biashara. Kwa siku 26 ni 68,900.

Sasa irudie ile 65,000 ya chapati zisizouzwa: karibu sawa na faida yote ya biashara kwa mwezi.

Ukiona mshahara wa 4,000 hautoshi nyumbani, usiupandishe kwa kukata fungu la unga. Tatizo hilo linatatuliwa kwa kuuza zaidi au kuongeza bidhaa, mathalani chai au maharage, na si kwa kuchovya kwenye mtaji. Na kama faida yako haifiki hata mshahara mdogo, afadhali ulijue wiki ya pili kuliko mwezi wa sita.

Kila jioni, kabla hujaingia ndani na kabla hujapita dukani, hela igawanywe mara nne:

1. Fungu la kesho (unga, mafuta, chumvi na sukari, mkaa, nauli, maji, vifungashio): 21,500. Hili haliguswi hata kwa msiba.
2. Kodi ya kibanda, kodi ya mapato na uchakavu: 1,850.
3. Mshahara wako: 4,000.
4. Akiba ya biashara: 2,650.

Mauzo yakishuka hadi 25,000, fungu la kwanza na la pili hujazwa kwanza, na mshahara unapungua. Inauma, lakini ndiyo inayofanya genge lifunguliwe kesho.

Kuhusu mahali pa kuweka, mkoba mmoja kiunoni na mafungu manne kichwani havitafika wiki. Fungu la kwanza likae kwenye kopo lake. La pili na la nne yaingie kwenye laini ya simu ya biashara, tofauti na laini ya kupigia. Kuweka kwa wakala ni bure, kutoa ndiko kunakokatwa, kwa hiyo weka kila siku na utoe mara moja kwa mwezi. Laini isajiliwe kwa namba yako ya NIDA. Laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au shemeji ni ya kaka au shemeji, hata kama hela zote ni zako. Ukipata lipa namba, iwe ya biashara peke yake, na malipo yake uyaandike daftarini siku hiyohiyo, maana hela usiyoishika ni rahisi kuisahau.

Na mume je? Wengine wanamwonyesha daftari, wengine hawathubutu, na hilo kila mmoja analijua nyumba yake. Jambo la kufahamu ni kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, na mali iliyoandikishwa kwa jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo friji, mashine ya kusaga, au hata jiko la gesi, risiti iandikwe jina lako kamili, si "Mama Asha".

Hatua ya nne: daftari la mistari mitano

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lisiwe la kukutisha. Kila siku andika mistari mitano: tarehe na kilo ulizotumia, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia taslimu na kwa simu, waliokopa na kiasi, zilizobaki au kuharibika. Dakika tano. Jumapili jumlisha.

Daftari lina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Mauzo ya 30,000 kwa siku 26 ni 9,360,000 kwa mwaka. TRA, Mamlaka ya Mapato, ina utaratibu wa kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo. Mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayalipiwi. Kwa jedwali lililowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mama wetu ni 160,800. Daftari limemwokolea 89,200. Ndiyo maana tumetenga 500 kwa siku hapo juu. Bajeti husomwa kila Juni na viwango huweza kubadilika, basi ulizia ofisi ya TRA ya wilaya kabla ya kupiga hesabu ya mwaka. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Mtu anayekuomba hela ya TIN anajilipa yeye.

Hatua ya tano: wateja wanaokopa

Kila chapati inakugharimu kama 390 na inakuachia 110. Mmoja akichukua asilipe, umepoteza faida ya chapati tatu na nusu. Mtaani huwezi kukataa kukopesha kabisa, hasa kwa bodaboda wa kijiweni na mafundi wanaolipwa Jumamosi. Weka mipaka: jumla ya madeni yote isizidi akiba ya siku mbili, yaani 5,300, na asiyelipa la kwanza hapati la pili. Mwambie kwa upole na mbele ya daftari. "Kaka, daftari limejaa" ni jibu lisilovunja ujirani.

Ndugu ni wagumu zaidi. Njia inayofanya kazi ni kumpa ndugu zawadi inayojulikana kutoka mshahara wako, badala ya mkopo usiojulikana kutoka kopo la unga.

Hatua ya sita: mtaji wa kuanzia

Kwa biashara yetu unahitaji vyombo 60,000, malighafi ya siku tatu 64,500, na kodi ya mwezi mmoja 30,000. Jumla 154,500. Kwa nini siku tatu? Kwa sababu mvua itanyesha siku ya pili. Aliyeanza na malighafi ya siku moja anafungwa na mvua moja. Ukianzia barazani kwako kwa kilo mbili, bila kibanda na kwa vyombo vya nyumbani, kiasi hicho kinashuka sana, na huko ndiko tungekushauri uanzie.

Vyanzo ni hivi, cha ghali kuliko vyote mwishoni.

*Mchezo.* Watu kumi, kila mmoja 5,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anabeba 50,000. Ukibeba mapema umepata mkopo usio na riba, ukibeba mwishoni umejiwekea akiba. Muombe kijumbe, yaani anayekusanya hela, akupangie zamu inayoendana na siku ya kununua vyombo. Hatari ni kijumbe kuhama mtaa au mbebaji wa kwanza kuacha kutoa. Usicheze na usiyejua anapolala. Na wanaokuahidi kwamba ukitoa 50,000 utavuna 100,000 kwa kuleta wenzako, huo si mchezo. Waliopanda mbegu DECI, mpango wa aina hiyo uliosimamishwa mwaka 2009, wanajua.

*Kikoba.* Mfumo wa kuweka na kukopa kwa hisa, ambao shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, ndio asili ya vikundi vingi tulivyo navyo Afrika Mashariki. Watu 15 hadi 25 hivi, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mwenye sanduku asiwe na ufunguo. Kila kikao unanunua hisa moja hadi tano, unaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yako, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Riba mnayolipa inarudi kwenu. Mambo mawili huua vikoba: viongozi kujikopesha kupita kikomo, na kugawana wakati mbaya. Pangeni mgawo uangukie kabla ya Januari ya ada, na mikopo yote irudi mwezi mmoja kabla ya mgawo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na halmashauri ndiyo inayopokea maombi.

*Mkopo wa halmashauri.* Kila halmashauri Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mtahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la biashara. Idadi ya wanachama inayotakiwa mthibitishieni yeye. Vikundi vingi huanguka hapa: wanaungana kwa ajili ya mkopo tu, wanagawana hela siku inapotoka, kila mmoja na lake, kisha wawili wanalipa deni la wote. Andikeni katiba inayosema nani anafanya nini na marejesho yanatoka wapi, kabla hela haijaingia.

Wenzetu wa Kenya wana Women Enterprise Fund tangu 2007, na Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambapo asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba.

*Kampuni za mikopo, na kausha damu.* Jina lenyewe wamelitoa waliokaushwa. Tuseme unakopa 100,000, wanakata 10,000 ya fomu, unaondoka na 90,000, unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Umelipa 135,000 kwa kutumia 90,000: nusu yake imeongezeka ndani ya mwezi. Tena hukuwa na 90,000 hiyo mwezi mzima, kwa kuwa ulianza kurejesha kesho yake. Faida ya biashara ni 2,650 kwa siku. Rejesho la 4,500 linameza faida yote na karibu nusu ya mshahara. Ndiyo maana mama anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza.

Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana. Kabla ya kusaini, muulize mkopeshaji mambo manne: leseni iko wapi, mkononi napokea shilingi ngapi, jumla nitarejesha shilingi ngapi, na nikichelewa siku moja faini ni kiasi gani. Asiyetaka kuandika majibu hayo, ondoka. Kadi ya benki, namba ya siri na kitambulisho chako haviwi dhamana popote.

Hatua ya saba: mkopo unaoubeba

Kanuni yetu ni nyepesi: rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki kwa biashara baada ya mshahara. Nusu ya 68,900 ni 34,450 kwa mwezi.

Mkopo wa 200,000 kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote, ni 33,333 na 7,000, yaani 40,333. Haufai. Wa 150,000 ni 25,000 na 5,250, yaani 30,250. Unabebeka.

Uliza pia riba inahesabiwa juu ya nini. Kwa 150,000 hiyohiyo, riba juu ya mkopo wote hadi mwisho inafika 31,500. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua kila mwezi ni 18,375. Asilimia ileile, tofauti ya 13,125, karibu kilo saba za unga. Na ukishindwa rejesho, nenda ofisini siku moja kabla ya tarehe, si siku tatu baada, ukiwa na daftari mkononi. Mwenye hesabu hupangiwa upya kwa urahisi kuliko aliyezima simu.

Hatua ya nane: lini uongeze

Usiongeze kilo kwa sababu jana ziliisha mapema. Ongeza daftari likionyesha zimeisha mapema siku nne kati ya sita, kwa wiki mbili mfululizo. Kutoka kilo tano hadi saba kunaongeza unga 4,000, mafuta 2,200, chumvi na sukari 200, mkaa 800 na vifungashio 400: jumla 7,600. Kibanda, nauli na uchakavu ni vilevile, ndiyo maana kilo za ziada zina faida nono kuliko za mwanzo. Chapati 26 zaidi ni 13,000. Ukiuza 16 kati ya hizo 26 umerudisha gharama, na kuanzia ya 17 ni faida. Jaribu kwanza kilo moja ya ziada kwa wiki, kwa hela ya akiba na si ya mkopo. Zikilala zaidi ya tano kwa siku, rudi kilo tano na uwaongezee wateja ulionao chai: chupa moja ya lita tatu inatoa vikombe kama 14, na watu wale tayari wamekaa kwenye benchi lako.